Kitufe cha Katikati

Kamati ya mtaa iliponiomba niandike kitabu cha kuwafundisha watu wazima kompyuta, nilikubali kabla hawajamaliza kusema. Nilikuwa nikifundisha kwenye kituo chao pale mtaa wa Kuze, chumba kimoja ghorofani juu ya duka la vitambaa, mashine nane kuukuu za kupewa, na wanafunzi ambao wengi wao walinizidi umri. Kitabu hatukuwa nacho. Vilivyopatikana madukani vilikuwa vya Kiingereza, tena vya watoto wa shule. Mimi ni mtu wa kupenda Kiswahili changu kisikike vizuri, nikajiambia kazi hii imeniangukia mwenyewe.

Kuandika hakukunipa tabu. Kilichonilevya ni kupanga. Nilichapisha kila sura kwenye karatasi zake, nikazibana, kisha nikawa nazitandaza juu ya meza yangu iliyokuwa nyuma ya darasa na kuzihamisha, hii mbele, ile nyuma, kama mwanamke apangaye vyombo kabatini wageni wasije wakaona sahani isiyolingana na mwenzake. Sura ya kwanza ilikuwa historia ya tarakilishi, neno nililoling'ang'ania ingawa mtaani hakuna alitumiaye. Ya pili sehemu zake. Ya tatu kuwasha na kuzima. Ya nne kufungua na kufunga programu ya kuandikia. Zikafuata kuandika, kusahihisha, kupamba maandishi, majedwali na picha. Kuhifadhi kazi, jambo ambalo mjini kila mtu huliita kusevu, nilikuweka sura ya tisa. Nilikuwa na hoja yangu. Mtu hawezi kuhifadhi asipojua faili ni nini na faili hukaa wapi, na hayo, nilisema, ni mambo mazito yanayotaka sura yao peke yao.

Mpango huo ulinizalia tatizo dogo katika sura ya nne. Ukiandika hata herufi moja kisha ukaifunga programu, kisanduku hutokea kikikuuliza kwa Kiingereza kama wataka kazi yako ihifadhiwe. Kina vitufe vitatu: cha kwanza ni cha kukubali, cha katikati ni cha kukataa, cha mwisho ni cha kughairi. Wanafunzi wangu wengi Kiingereza kilikuwa kikiwapiga chenga. Sikutaka kuanza kueleza kuhifadhi mapema na kuuvunja mpango wangu. Nikaandika sentensi moja: “Kisanduku kikitokea, bonyeza kitufe cha katikati.” Mazoezi ya mwanzo yalikuwa herufi tupu zisizo na maana, hakuna ambaye angezililia. Nikaona nimepatia.

Aliyeusimamia mlango wa kituo na kunisaidia kazi alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa upande wa Kaloleni, aliyeishi Likoni na kuvuka feri kila asubuhi. Alifungua, alifuta mashine vumbi, aliandikisha wanafunzi. Kompyuta alijifunza kwa kusimama nyuma ya watu. Siku moja nilimpa zile karatasi asome, nikisema anitazamie makosa ya herufi. Kwa kweli nilitaka anisifu.

Alizisoma kwa siku mbili. Aliponirudishia, alikuwa ameweka kidole kwenye orodha ya sura.

“Mwalimu, hii ya kuhifadhi mbona iko mbali hivi?”

“Iko mahali pake.”

“Watu hawa kila mmoja huja na jambo lake la kuandika. Barua, majina ya waalikwa wa harusi. Hangojei sura ya tisa. Ungeitanguliza, hata kama hajaielewa vizuri. Abonyeze tu, kazi yake ikae.”

“Dada,” nikamwambia, “kupanga kitabu ni taaluma. Hupangi sura kama unavyopanga viti.”

Na kupanga viti ndiko alikokuwa akifanya wakati ule, mkono mmoja bado uko juu ya kiti. Akanitazama kidogo.

“Haya, mwalimu,” akasema, akaendelea kuvipanga.

Nilitoa nakala chache za majaribio, nikawagawia wanafunzi. Kati yao alikuwako mama wa papo hapo Kuze, karibu na miaka sitini, aliyeshona sare za shule nyumbani kwake miaka mingi mpaka vidole vikaanza kumuuma. Alikuja kujifunza kwa sababu moja. Mamake, bibi aliyepita miaka tisini na ambaye macho yalikuwa yamemwishia, alikuwa ameanza kuzungumza habari za maisha yake, mambo ambayo hakuwahi kuwaeleza wanawe. Binti alitaka kuyaandika, ayapige chapa, awagawie ndugu zake. Nilimwambia angeweza kumpa mtu amwandikie. Akakataa. “Mama hatasema mbele ya mtu mwengine,” akaniambia. “Mbele yangu atasema.”

Sijapata kuwa na mwanafunzi kama yule. Aliweka rula chini ya kila mstari wa kitabu, akasoma kwa kunong'ona, akafanya, kisha akatia alama kwa penseli pembeni kuonyesha amemaliza. Hakuruka hatua hata moja. Alikiamini kitabu kile kuliko nilivyokiamini mimi.

Alipofika sura ya tano, ya kuandika, aliniomba ruhusa ya kumleta mamake. Wakaja Alhamisi moja baada ya adhuhuri, saa ambayo darasa huwa tupu. Bibi alipandishwa ngazi taratibu, mkono mmoja kwenye ukuta, mwengine begani mwa bintiye.

“Masalkheri, mwalimu,” binti akasema.

“Masalkheri, mama. Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Ngazi zenu ndefu.”

Wakakaa mbele ya mashine ya dirishani. Nikarudi kwenye meza yangu, karatasi zangu zikiwa zimetandazwa, maana siku ile nilikuwa nikisumbuliwa na swali moja: majedwali yatangulie picha, au picha zitangulie majedwali?

Bibi alisema kwa muda wa saa tatu. Alisema polepole, akingoja vidole vya bintiye vimfikie, na binti akirudia kila neno alipokuwa akilitafuta kwenye kibodi. Adhana ya alasiri ilipoingia walinyamaza, binti akasali pembeni na bibi akasali akiwa kitini, kisha wakaendelea. Nilisikia habari za vikuba vya asumini, vile vishada vya maua ya kujipambia wanawake, kwamba bibi alipokuwa msichana alikuwa akivifunga na kuviuza. Nilisikia neno birika, na jina la mtaa. Wakati mmoja nilisikia vidole vya binti vimesimama, naye akauliza kwa sauti ya chini, “Mtoto gani, mama?” Bibi akamjibu kwa kirefu. Sikusikiliza. Nilikuwa nimeishika sura ya picha mkononi, nikitafuta pa kuitia.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka walipomaliza. Binti alikuwa na furaha, niliisikia kwenye sauti yake alipokuwa akimwambia mamake asubiri kidogo afunge mashine. Kisha akaniita.

“Mwalimu, hapa yaniuliza swali.”

Sikuinua kichwa. “Fuata kitabu, mama. Sura ya nne.”

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Nikasikia rula ikiwekwa. “Ehe,” akasema, “nimeona.” Nikasikia kubonyeza. Akanishukuru. Msaidizi wangu alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, akingoja watoke, na nilipomtazama alikuwa akiitazama ile mashine.

Jumamosi asubuhi yule mama alikuja mapema kuliko wote. Aliwasha, akafungua programu, akakaa. Baada ya kitambo akaja mezani kwangu.

“Mwalimu, maneno ya mama siyaoni.”

Nilielewa kabla sijasimama. Nilijua hata mstari gani wa ukurasa gani. Hata hivyo nilikwenda, nikavuta kiti, nikajifanya natafuta. Nilifungua hiki nikafunga kile kwa nusu saa nzima, naye amesimama nyuma yangu, mikono ameifumbata ndani ya buibui. Mashine zile na programu zake za zamani hazikumwekea mtu akiba ya kitu alichokikataa mwenyewe. Nilijua hakuna nilichokuwa nikikitafuta.

“Mashine hizi zimechakaa, mama,” nikasema mwisho. “Na pengine mkono uliteleza, ukabonyeza sipo.”

Akauinua mkono wake wa kulia akautazama.

“Nilidhani nimefuata,” akasema. “Niwie radhi, mwalimu. Nimekupotezea asubuhi yako.”

Yeye ndiye aliyeniomba radhi. Nami nikaipokea. Nikasema, “Si kitu, mama.”

Msaidizi wangu wa Likoni alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote. Akatoka nje, nikamsikia akishuka ngazi.

Siku hiyohiyo niliihamisha sura ya tisa, nikaifanya ya nne, kabla hata ya kufunga programu. Ilichukua muda wa kunywa chai. Hakukuwa na lolote lililoharibika, hoja zangu zote za faili hukaa wapi zikawa maneno mawili ya kueleza. Ule mstari wa kitufe cha katikati nikaufuta. Halafu nikafanya jambo ambalo hata sasa nikilikumbuka hujikuta nimefumba macho: nikazikusanya nakala zote za majaribio, nikisema nazitaka kwa marekebisho. Ya yule mama niliifuata kwake. Alinipa mlangoni, akaomba msamaha kwamba ameichafua kwa penseli. Niliitia kwenye droo ya meza yangu na kuifunga kwa ufunguo.

Alirudi mara moja tu, kuniambia hataendelea na masomo.

“Nilimsihi mama anieleze tena,” akasema. “Asema ameshasema. Juzi akanipa maneno mawili matatu, lakini si yale. Kuna mtoto alimtaja, mwalimu, aliyezaliwa kabla yetu sote akafa. Hatukuwahi kumjua. Alinitajia jina lake na alikozikwa. Sasa nikimuuliza, anyamaza. Na mimi nilikuwa nikitafuta herufi, halijanikaa sawasawa.” Akasita. “Wewe ulikuwa hapa. Hukulisikia?”

“Sikulisikia, mama.”

Kati ya yote niliyomwambia, hilo pekee lilikuwa kweli.

Kitabu kikatoka. Kamati ikafanya karamu ndogo palepale kituoni, watu wakaja na kanzu zao za Ijumaa, na mwenyekiti akasimama kukisifu. Alisema amesoma vitabu vingi vya aina hii, na vyote humzungusha mtu weee kabla ya kumfundisha jambo la maana, lakini hiki mapema kabisa kinamfundisha mwanafunzi asiipoteze kazi yake. “Hapa utajua,” akasema, “mwandishi anamfahamu mwanafunzi wake.” Wakapiga makofi. Nikasimama. Nikatabasamu, nikaweka mkono kifuani.

Baadaye, tukikusanya bilauri za sharubati, msaidizi wangu alisema bila kunitazama, “Wamekusifu kwa sura ile.”

“Ndiyo.”

“Na yule mama, yuajua?”

Nilibeba sinia nikaenda nalo kwenye karai. Hakuniuliza tena, wala hakuacha kunifungulia mlango kila asubuhi na kunisalimu kwa adabu ileile, na adabu ile ilinitesa kuliko kama angalinitukana.

Bibi alifariki kabla ya mwaka kwisha. Nilikwenda mazikoni. Tuliporudi, nilikaa na wanaume nje ya nyumba, kwenye mikeka, jirani na kaka mkubwa wa yule mama. Mtu mmoja alimwambia kwamba bibi ameondoka na habari nyingi za mji. Kaka akajibu, hakunijua mimi ni nani, “Alizisema zote. Dada yetu aliandika kila kitu kwenye kompyuta, akakifuta kwa mkono wake. Hata jina la ndugu yetu wa kwanza hatunalo.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama jambo ambalo nyumba nzima imeshalizoea.

Nilikunywa kahawa niliyopewa. Niliondoka. Nilikuwa sikufikiri kabisa kwamba uongo wangu ulikuwa umeingia ndani ya nyumba ile na kukaa, kwamba kila walipokutana yule mama alikuwa akiubeba. Mimi nilidhani nimemnyang'anya kazi ya alasiri moja.

Hata hivyo zilipita wiki tano. Nataka kusema nilikuwa nikingoja matanga yatulie, lakini matanga yalitulia mapema. Nilikuwa nikiogopa.

Mwisho nilikwenda. Alinikaribisha ukumbini, akauacha mlango wazi kama ilivyo ada, akakaa kwenye kiti cha mbali. Alikuwa bado na huzuni usoni, kama mjane aliye edani. Nilimweleza tangu mwanzo: mpango wa sura, sentensi niliyoandika ili mpango wangu usiharibike, siku ile aliponiita nami nikashindwa kuinua kichwa, nakala niliyokuja kumpokonya. Nilimwambia hakukosea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au kufukuzwa.

Aliutoa mkono wake wa kulia ndani ya buibui, akauweka pajani. Kisha akasema, “Basi nilifuata.”

“Ulifuata, mama. Kila hatua.”

“Mwaka mzima nautazama mkono huu.”

Nikamwomba anisamehe. Hakujibu hilo. Akauliza kile kitabu chake cha penseli kiko wapi, nikamwambia ninacho.

“Ijumaa baada ya alasiri ndugu zangu watakuwa hapa,” akasema. “Njoo nacho. Haya uliyoniambia mimi, waambie wao.”

Nilimwambia nitawaandikia barua. Naam, nilisema hivyo. Akanitazama kama nilivyotazamwa siku ile ya viti.

“Njoo useme kwa mdomo,” akasema.

Ijumaa nilikwenda. Walikuwa watatu, kaka mkubwa, dada mwengine, na mdogo wao wa kiume. Yule mama mwenyewe hakuketi nao, alisimama kwenye mlango wa ndani, shungi limemfika kwenye paji la uso. Nilisema. Nilikifungua kitabu kwenye sura ya nne nikawasomea ule mstari, na pembeni yake alama ya penseli, ndogo, safi. Kaka alinipokonya kitabu akausoma mwenyewe, midomo ikicheza. Akakipitisha kwa nduguze.

“Na ulijua siku ileile?” akaniuliza.

“Nilijua.”

“Ukazika pamoja nasi. Ukanywa kahawa yetu.”

“Ndiyo.”

“Na wewe ni mwalimu,” yule dada aliyeketi akasema.

Kaka akageuka, akamtazama yule aliyesimama mlangoni. Alitaka kumwambia kitu, nilimwona akitafuta pa kuanzia. Nikaona pale hapakuwa pangu tena. Nikaaga. Aliyeniitikia ni yule mdogo peke yake. Kitabu nilikiacha.

Nilimweleza msaidizi wangu siku ya Jumatatu, nikamwomba radhi yake pia, kwa lile neno la viti na kwa sifa nilizozipokea ambazo zilikuwa zake. Alikuwa akifuta skrini.

“Mimi nami nilinyamaza,” akasema. “Nilisimama pale na funguo, nikaona. Nilijiambia, mwalimu anajua.”

Kitabu kilipopigwa chapa mara ya pili niliandika kwenye dibaji kwamba mpangilio wa sura ulitokana na yeye, na kwamba mimi niliukataa kwanza na ukatokea msiba kwa sababu hiyo. Kamati ililiacha jina lake, neno msiba wakaliondoa. Walisema halifai kwenye kitabu cha wanaoanza. Sikubishana nao vya kutosha.

Nilimwona yule mama mara moja tangu hapo, kule matembezini ufuoni panapoitwa Mama Ngina, jioni moja watu wamejaa. Alikuwa na kaka yake, wamekaa kwenye ukuta wa ufuoni na mihogo ya kuchoma kwenye karatasi. Kaka aliniona akatazama baharini. Yeye alinisalimu, akaniulizia hali ya mama yangu, kama mtu anavyoulizia. Nikamwambia yuko mzima. Aliniambia anaandika kwa mkono, kwenye daftari, yale anayoyakumbuka, na kwamba amemtembelea shoga wa mamake aliyebaki, akapata mengine.

“Na lile jina?” nikauliza.

“Bado,” akasema.

Hakusema nije niyasome, nami sikuomba. Alinisogezea karatasi ya mihogo, nikachukua kipande kimoja, nikashukuru, nikaendelea na njia yangu.